Stesheni ya Ngomeni Unguja na Safu Isiyokuwapo Katika Daftari

Husemwa mara nyingi katika mabaraza yetu, hapa Nyakahanga na hata kule Kyerwa, ya kwamba nchi hii ya Karagwe imechelewa kwa sababu haikupata reli. Asemaye hivyo hakosi hoja. Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikakomea pale ziwani. Nasi wa upande huu wa magharibi tukabaki kwa miaka mingi kushusha kahawa yetu kwa gari mpaka Bukoba, na hapo kungojea meli. Hatuliandiki neno hili ili kulipinga. Lakini limekuwa kama wimbo, na wimbo uliozoeleka watu huuitikia pasipo kusikia maneno yake. Basi twapenda kuuliza jambo moja ambalo waimbaji hawaliulizi: nchi ikiisha kupata reli na stesheni, ni nani awezaye kuilinda isiondolewe?

Swali hili si la mchezo. Katika Afrika ya Mashariki ulikuwapo mji uliopata reli kabla ya Mombasa, kabla ya Tanga, na kabla ya Dar es Salaam. Mji huo uliipoteza. Kisha ukapata reli ya pili, pamoja na stesheni yake katikati ya mji, karibu na ngome na forodha, mahali ambapo kila mgeni ashukaye melini angeiona. Nayo pia ikapotea, vyuma vikang'olewa, stesheni ikatoweka. Mji wenyewe ni Unguja.

Labda msomaji atasema: Nyakahanga na Unguja wapi na wapi? Lakini mzee ye yote wa Karagwe aliyesikiliza masimulizi ya baba zake ajua ya kwamba njia ya kwenda pwani ni ya zamani kuliko ofisi zetu. Misafara ilipanda kutoka pwani, ikapita Tabora, ikaja mpaka huku. Na wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange kwa Mukama Rumanyika. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 walikuta biashara hiyo imekwisha kukaa. Stanley naye alipokuja mwaka 1876 alimkuta Kafuro mfanya biashara aitwaye Hamed bin Ibrahim, amejenga na kutulia. Pembe za ndovu zilizokusanywa huku zilikwenda kuuzwa katika soko la Unguja, na katika soko hilo walikuwako wanunuzi waliotoka Amerika. Twaomba jambo hili la Waamerika likumbukwe, kwa maana tutalirudia sasa hivi.

Reli ya kwanza ya Unguja ilikuwa ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Mwaka 1879 alitengenezewa njia ya vyuma kutoka jumba lake mjini kuelekea kasri ya Chukwani, upande wa kusini. Kwanza mabehewa yake mawili yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 Seyyid akaagiza Uingereza, kwa watengenezaji waitwao Bagnall, injini ndogo ya moshi, nayo ikaletwa kwa jahazi la bahari ikawekwa juu ya vyuma. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu kubwa. Wajerumani hawakuanza kazi ya reli Tanga mpaka mwaka 1893, wala Waingereza Mombasa mpaka mwaka 1896.

Lakini gari lile lilikuwa la Seyyid. Mkulima mwenye kikapu cha mihogo hakuwa na tiketi ya kupanda, wala tiketi zenyewe hazikuwako. Seyyid Barghash alipofariki mwaka 1888, reli ile ikafa pamoja naye: vyuma viking'olewa na injini ikauzwa kama chuma chakavu. Hatuna neno refu juu ya habari hii. Kitu cha mtu mmoja, mwenyewe akiondoka, hakina wa kukidai.

Reli ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Kampuni ya Arnold Cheney ya New York ilikuwa kampuni ya biashara ya pembe za ndovu. Ndiyo wale wanunuzi wa Amerika tuliowataja. Pembe zilizotoka bara zilichongwa huko kwao zikawa vibao vyeupe vya piano, na wapigaji wa piano hawakuwa na habari ya Kafuro wala ya wapagazi. Kampuni hii, katika miaka ya 1904 na 1905, ilijenga njia ya reli ya maili 7, yaani kama kilomita 11, kutoka mjini Unguja kwenda kaskazini mpaka kijiji cha Bububu. Mwanzo wake ulikuwa karibu na Ngome Kongwe, ile ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno. Ngome yenyewe, ambayo hapo kabla ilipata kuwa gereza, ikatumiwa kuwa ghala na karakana ya mambo ya reli. Kutoka hapo gari lilipita katika njia nyembamba za mji, karibu sana na kuta na vibaraza vya nyumba, hata likatoka nje ya mji likafuata pwani ya kaskazini.

Hapa twaomba ruhusa tusahihishe jambo dogo. Watu wengi husimulia ya kwamba kijiji cha Bububu kilipata jina lake kwa mlio wa gari lile, bu-bu-bu, bu-bu-bu, likienda. Ni hadithi tamu, na watembezaji wa wageni huipenda. Lakini Binti Seyyid Salme, aliyekuwa dada yake Seyyid Barghash, alichapisha kitabu cha maisha yake huko Ujerumani mwaka 1886, naye ndani yake aeleza habari za kukaa kwake Bububu. Gari la Arnold Cheney lilianza kulia mwaka 1905. Mtoto hawezi kumzaa bibi yake. Wako wasemao ya kwamba jina hilo latokana na mlio wa maji ya chemchemi zitokazo pale, zile zilizopelekewa mfereji mpaka mjini. Na neno hili, hata lisipokuwa na ushahidi wa karatasi, halipigani na tarehe. Twalitaja kwa kuwa ni mfano mwema wa kazi yetu sisi makarani. Tarehe mbili zikiwekwa pamoja katika karatasi moja, hadithi ya miaka mingi huanguka bila ugomvi.

Basi ni nani waliopanda gari lile? Kuna majibu mawili, na tofauti yake ndiyo kiini cha makala hii.

Jibu la kwanza ni lile lililoandikwa na wageni. Wao waeleza ya kwamba liliwekwa behewa maalum la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli, wapate kuona mashamba ya kisiwa wakati meli yao ikipakia. Kisha waandika mambo mawili wakiyacheka. Mojawapo ni kwamba cheche za moto zilizotoka katika bomba la injini ziliunguza mali za watu kando ya njia. Hili si la kucheka. Mwenye paa la makuti hakucheka. La pili ni kwamba mabehewa ya watu wa kawaida yalinuka vibaya kwa sababu ya abiria waliokuwamo. Na hapa ndipo tunapoinua mkono.

Jibu la pili limo ndani ya lile la kwanza, ila mwandishi wake hakujua ameliandika. Ikiwa mabehewa yalinuka watu, maana yake yalijaa watu. Ikiwa yalijaa, maana yake watu wa Mtoni na Bububu na mashamba ya njiani walikuwa wameliona gari lile kuwa ni lao, wakalipanda na mizigo yao kwenda sokoni na kurudi. Mtu atokaye pwani na samaki, au atokaye shambani alfajiri amejitwika mzigo, hunukia kazi yake. Sisi tuliopanda magari ya abiria kutoka Omurushaka siku ya gulio tunaijua harufu hiyo, wala hatuioni kuwa ni hoja ya kufungia gari. Harufu ile ndiyo hesabu pekee ya abiria wa Bububu ambayo wageni walitutunzia. Imeandikwa kwa dharau, lakini ni hesabu.

Mwaka 1911 serikali iliinunua reli hiyo kutoka kwa kampuni. Mtu angefikiri ya kwamba sasa imepata mwenyewe asiyekufa, kwa kuwa serikali haifi kama Sultani, wala haifilisiki kama mfanya biashara. Haikuwa hivyo. Mwaka 1922 serikali iliondoa huduma ya abiria. Watu wakaambiwa washuke. Lakini, waungwana, angalieni jambo hili: vyuma havikung'olewa mwaka huo. Injini haikuzimwa. Gari liliendelea kupita njia ileile, likichukua mawe ya kazi za bandari, hata likaachwa kabisa mwaka 1928. Kwa hiyo haiwezi kusemwa ya kwamba njia ilikuwa imeoza, wala kwamba injini haziwezi kazi tena. Kwa muda wa miaka 6 gari lililodaiwa kwamba halifai kuchukua watu lilifaa kuchukua mawe. Mawe yalipanda, watu wakatembea.

Tukumbushane pia ya kwamba mwaka huo wa 1928, gari la mwisho lilipoachwa Unguja, ndio mwaka reli ilipofika Mwanza. Mwanza wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hapana mtu wa Unguja aliyekuja kuwaambia: jamani, itunzeni.

Sasa lazima tutoe haki kwa wenye hoja nyingine, kwa maana hoja yao ni nzito. Wao husema ya kwamba reli ya maili 7 si reli, ni kitu cha kuchezea. Kwamba motokaa zilikuwa zimekwisha kuingia Unguja, na barabara zilikuwa zikitengenezwa. Kwamba motokaa humfikia mtu mlangoni pake, lakini gari la moshi humwacha stesheni. Na kwamba cheche za moto ni hatari katika mji wa njia nyembamba. Yote haya ni kweli. Sisi wenyewe, tangu tulipopata lami kutoka Kyaka hata Bugene, hatuwezi kusimama mbele ya wanachama na kusema barabara ni kitu kibaya. Aliyepita njia ile zamani za matope na vumbi ajua tusemacho.

Ila hoja hiyo yajibu swali ambalo hatukuuliza. Hatusemi reli ile ingalipaswa kuishi milele. Twauliza: siku ilipokatwa shauri ya kuwashusha watu, hesabu iliyowekwa mezani ilikuwa hesabu ya nini? Hesabu ya fedha huwapo siku zote: mapato, matumizi, makaa, mishahara, matengenezo. Kama mapato hayatoshi matumizi, kitu hicho huitwa hasara. Lakini mtu aliyepanda Bububu kwa senti chache akauza mzigo wake mjini na kurudi jioni nyumbani, faida yake haiingii katika mapato ya reli. Imo katika kikapu chake. Daftari halina safu ya vikapu. Na mwenye motokaa mwaka 1922 hakuwa yule wa kikapu.

Na ushahidi wa kwamba watu waliihitaji safari ile twaweza kuuona hata leo kwa macho. Njia ya mjini mpaka Bububu imejaa daladala tangu alfajiri hata usiku, na watu wamesimama vituoni wakingoja. Safari haikufa. Kilichokufa ni gari la umma lililoichukua, na badala yake kila mtu akaachiwa ajitafutie.

Mwaka huohuo wa 1922 ulikuwa na jambo jingine ambalo jarida kama hili haliwezi kulipita kimya. Huko Tanga, Martin Kayamba, mwenzetu katika kazi ya kalamu, aliwakusanya watumishi wa serikali wa Kiafrika wakaunda chama chao, cha kwanza cha namna yake katika Tanganyika. Kayamba alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, katika kisiwa hichohicho cha Unguja, akasomeshwa Kiungani na Wamisioni. Walioanzisha chama kile walijua ya kwamba mtu mmoja akiuliza huonekana mjeuri, lakini chama kikiuliza huitwa mezani. Abiria wa Bububu hawakuwa na chama. Asiyekuwapo na lake halipo. Hatusemi haya ili kuwasifu makarani. Twasema ili ijulikane ya kwamba katika mwaka uleule mmoja, wenye kalamu walipata sauti na wenye vikapu walipoteza gari, na kati ya mambo hayo mawili iko kazi ambayo wenye kalamu hawajaimaliza.

Je, stesheni yenyewe iko wapi? Mwenye kwenda Unguja leo na asimame mbele ya Ngome Kongwe. Ataiona ngome, imetengenezwa vizuri, na ndani yake ukumbi wa wazi ambamo watu hukusanyika kwa muziki na sinema. Mbele yake ataona bustani ya Forodhani, iliyotandikwa katika miaka ya 1930 mahali palipokuwa na mabanda ya forodha, ikafanywa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Na jioni ataona moshi, lakini ni moshi wa mishikaki na pweza. Mji Mkongwe wote umeandikwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia. Urithi huo wahesabiwa kwa majumba: jumba la Sultani, jumba la mfanya biashara, milango yenye misumari ya shaba. Sisi hatuna ugomvi na milango. Ila twaona ni jambo la haki kwamba hapo Ngomeni liwekwe bao dogo la chuma, la maneno machache ya Kiswahili, ya kwamba kutoka hapa, tangu 1905 hata 1922, watu wa Unguja walipanda gari kwenda Bububu. Bao halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Na vijana wa Unguja wanaosoma historia wangefanya kazi njema kuketi katika nyumba ya nyaraka pale Kilimani na kutafuta majina ya wauza tiketi, wachochea moto, na makarani wa reli ile. Mali bila daftari huisha bila habari. Na huduma ya watu ni mali.

Asidhani mtu ya kwamba mambo haya yalikwisha pamoja na utawala wa wageni wa Unguja. Huko kusini mwa bara, Waingereza walipoanza mwaka 1947 ule mpango wao mkubwa wa karanga, walijenga na reli kwa ajili yake, mpaka Nachingwea, na bandari mpya ya Mtwara. Mpango wa karanga ulivunjika mwaka 1951. Reli ikabaki haina karanga za kuchukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma viking'olewa, na mataruma yakaenda njia yake. Wenyeji wa Mtwara, Lindi na Nachingwea walikuwa wamekwisha kuizoea, lakini haikujengwa kwa ajili yao, kwa hiyo haikuhesabiwa kwa ajili yao. Tangu hapo mipango ya reli mpya ya kusini imekuwa ikizungumzwa miaka nenda miaka rudi. Kung'oa ni kazi ya miezi. Kurudisha ni kazi ya vizazi.

Tukirudi nyumbani. Hatuna reli ya kung'olewa, lakini vitu vya kufungwa tunavyo. Kilikuwako katika sehemu zetu hizi kituo kimoja cha kununulia kahawa, ambacho hatutakitaja jina wala mwenyewe. Kilifungwa kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Karatasi ile ilipigwa chapa na karani mwenzetu kama alivyoagizwa, nayo ilikuwa na safu tatu: mapato, matumizi, tofauti. Tofauti ilikuwa ndogo, tena ya upande mbaya. Msimu uliofuata wakulima walikuja na magunia vichwani na juu ya baiskeli, wakakuta mlango una kufuli. Wengine walirudi nayo. Wengine wakauza palepale njiani kwa mchuuzi, kwa bei aliyoitaka mchuuzi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kubeba gunia saa tatu hana nguvu za kubishana. Hasara hiyo haikuandikwa mahali po pote. Ukiangalia faili, kituo kile kilifungwa na faida ikapatikana.

Karani yule hakufanya kosa. Alipewa safu tatu, akajaza tatu. Lakini sisi tulio wengi, tukikaa pamoja katika chama, twaweza kuuliza kwa adabu ni nani aliyeikata karatasi ile safu tatu tu, na kama hairuhusiwi kukatwa safu ya nne. Wakubwa wetu si watu wabaya. Mkubwa husaini kile kilicho mbele yake. Kama mbele yake pana mapato na matumizi peke yake, atasaini mapato na matumizi. Kama mbele yake pana neno la kwamba watu mia mbili hupita hapa kila juma, na kwamba kituo kilicho karibu kiko umbali wa saa nne kwa miguu, huenda akasaini vilevile, lakini atasaini akijua. Nasi hatutaki zaidi ya hapo.

Wako wanachama watakaosema ya kwamba kuongeza safu ni kuongeza kazi, na kwamba karani ana kazi za kutosha. Twawajibu ya kwamba kuhesabu watu siku moja ya gulio kwahitaji penseli na kiti. Wengine watasema ya kwamba si juu yetu, ni juu ya madiwani na wazee. Madiwani na wazee husema kwa mdomo, na neno la mdomo halikai katika faili. Watu wa Bububu bila shaka nao walisema kwa mdomo mwaka 1922, tena labda walisema kwa sauti kubwa. Angalieni lililobaki: kwamba walinuka.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu ujao wa chama, sisi wa tawi la Nyakahanga tutaleta hoja ya kwamba chama kiandike barua kwa wakubwa wa wilaya zote mbili, Karagwe na Kyerwa, kikiomba mambo mawili. Kwanza, kila karatasi ya kufunga huduma ya watu wote, iwe ni kituo cha kununulia mazao, zahanati, gulio, kivuko au gari, iwe na safu ya kuonyesha idadi ya watu waitumiao, na safu ya kuonyesha watakwenda wapi siku ya pili yake. Pili, nakala moja ya karatasi hiyo iwekwe katika daftari la wilaya lisilotupwa, pamoja na tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa, na majina ya waliofanya kazi hapo mpaka mfagizi.

Wanachama wa Kyerwa, ambao wilaya yao ilitengwa na yetu mwaka 2012, waombwa watuletee orodha ya huduma zilizofunguliwa na kufungwa kwao tangu mwaka huo, ili hoja isije mkutanoni mikono mitupu. Majina ya watu binafsi yasiandikwe. Orodha zifike kwa katibu kabla ya Ijumaa ya juma la tatu, kwa kuwa stensili hukatwa Jumamosi asubuhi, na wino uliobaki ni wa toleo moja tu.